Penalti Aliyoidaka Asumani

Harufu ya majani mabichi yaliyofyekwa asubuhi ndiyo inayonirudisha kwetu Kabambare upesi kuliko kitu kingine chochote. Siku za mechi, kabla jua halijakausha umande, mashabiki wa timu yetu, Nyota ya Luama, walikuja uwanjani na mapanga yao, kwa maana katika juma moja tu la mvua majani yalikuwa yamekwisha kurefuka tena. Uwanja wenyewe, ambao wote tuliuita tereni, uliinamia upande mmoja, na mpira uliopigwa vibaya uliteremka mpaka kwenye mihogo ya watu. Milingoti ya magoli ilikuwa miti ya mkalitusi iliyopindapinda. Wanaume walifyeka katikati, wanawake wakafyeka pembeni, na sisi watoto tulizoa majani na kuyatupa nje ya mistari iliyochorwa kwa majivu. Mama alikuwa na sehemu yake ambayo hakumwachia mtu: mbele ya goli la upande wa barabara. Alifyeka, kisha akapiga magoti na kung'oa kwa mkono kila kisiki na kila jiwe, kwa sababu hapo ndipo kaka yangu Asumani alipopenda kusimama kudaka, na Asumani hakuogopa kujitupa chini.

Watu walimwita mama kwa jina la kifungua mimba wake, Mama Asumani, na siku za kawaida alikuwa mwanamke kama wengine wa mtaa wetu. Alilima mihogo na karanga, akauza mafuta ya mawese sokoni. Lakini Jumapili alifunga kikwembe chake cha kijani, akasimama mbele ya kundi la wanawake, na sauti yake ikawa ya mtu mwingine. Ndiye aliyeanzisha nyimbo, na nyingi alizitunga mwenyewe njiani kwenda shambani, nusu kwa Kiswahili na nusu kwa Kibangubangu. Kila mchezaji alikuwa na wimbo wake. Kulikuwa na wimbo wa kona, wimbo wa kuwatania wageni, na wimbo wa penalti uliokuwa na maneno machache tu yaliyorudiwa polepole, huku wanawake wakipiga makofi chini ya viuno, mpaka mpigaji alipoanza kukimbia. Rafiki yake mkubwa, Mama Zaina, aliyeitwa kwa jina lake mwenyewe, alikuwa wa kuitikia. Walikuwa wameimba pamoja tangu walipokuwa wasichana, na mmoja alipokosa pumzi mwingine alijua pa kushika.

Nyimbo zote hizo ziliimbiwa timu iliyofungwa. Nyota ilifungwa na Lusangi, ilifungwa na timu ya walimu, na mara moja ilifungwa na timu iliyokusanywa asubuhi ile ile na vijana wa pikipiki waliokuwa wanangoja mvua ikatike waendelee na safari. Laiti ingekuwa inafungwa vizuri, tangu mwanzo, watu wakajua na kurudi nyumbani. Nyota ilikuwa na tabia ya kuongoza. Ilifunga goli la kwanza, watu wakakumbatiana, wazee wakatupa kofia juu, halafu katika dakika za mwisho beki mmoja angepiga mpira ukamgonga mwenzake mgongoni na kuingia golini kwao. Jioni za siku hizo mtaa mzima ulikuwa kama umefiwa. Baba, ambaye alilima mpunga bondeni na hakuwa mtu wa mpira, alimtazama mama akisukuma sahani ya bugali pembeni bila kuigusa.

"Mama Asumani, hii timu inakupa nini?" alimwuliza siku moja.

"Haijanipa kitu."

"Basi unaifuata kwa nini?"

Mama alifikiri kweli, kama mtu aliyeulizwa swali la maana. "Ni timu ya hapa," alisema. "Na mimi ni mutu wa hapa."

Kiangazi ninachokisimulia nilikuwa darasa la nne. Asumani alikuwa amemaliza shule bila kupata cheti, na alidaka kila Jumapili kwa mikono mitupu, akiwa amevaa viatu vya plastiki vilivyofungwa kwa kamba ili visichomoke. Alikuwa mrefu, mkimya, na mwepesi kuumia moyoni. Baada ya mechi moja ambayo Nyota ilifungwa kwa kosa la mabeki, mashabiki walimzomea yeye. Mama aliwakemea, lakini Asumani hakusahau. Juma lile hakwenda mazoezini. Asubuhi moja nilimkuta anafunga nguo zake ndani ya gunia mbele ya mlango, na pikipiki mbili za rafiki zake zikiunguruma barabarani. Walikuwa wanakwenda Salamabila kuchimba dhahabu, kama vijana wengi walivyokwenda. Mama alimpa karanga za kukaanga na chupa ya maji. Hakumzuia. Alimwambia tu, "Kule ndani ya mashimo, usiingie wa kwanza." Pikipiki zilipotoweka kwenye kona alibaki amesimama na mfuniko wa chupa mkononi, kisha akaniambia nichukue jembe twende.

Baada ya Asumani, golini aliwekwa fundi seremala mmoja mwenye moyo mzuri na mikono mifupi. Unaweza kukisia jinsi mambo yalivyokwenda. Kundi la mashabiki lilipungua. Wanaume wengine walianza kubaki nyumbani na redio. Mama hakupunguza hata wimbo mmoja. Na kutoka Salamabila zikaja habari, zikiletwa na waendesha pikipiki, kwamba Asumani hachimbi tena. Tajiri mmoja mnunuzi wa dhahabu alikuwa na timu yake, yenye jezi mpya na viatu vya kweli, na alipomwona Asumani anadaka na wachimbaji wenzake jioni, alimtoa shimoni. Sasa alikuwa kipa wa tajiri. Mama alipopata habari hiyo alikaa chini kwenye kizingiti na kucheka peke yake, mkono kifuani. Mwanawe hakuwa tena chini ya ardhi.

Furaha hiyo haikukaa muda mrefu, kwa sababu ilipangwa timu ya tajiri ije Kabambare kucheza na Nyota, na atakayeshinda ndiye angekwenda Kasongo kucheza mbele ya watu wengi. Kwa Nyota, kwenda Kasongo ilikuwa ndoto ambayo hata wazee hawakuwahi kuiona ikitimia. Mtaa ulichangamka. Wanaume wakaacha redio, wakarudi mazoezini kupiga kelele. Na macho ya watu yakaanza kumtazama mama kwa namna nyingine. Siku mbili tatu kabla ya mechi Mama Zaina na wanawake wengine walikuja kwetu. Walikaa kwenye mkeka uani, wakazungumza kuhusu karanga, kuhusu mtoto wa fulani aliyekuwa na homa, mpaka Mama Zaina akauliza lile lililowaleta.

"Mama Asumani, Jumapili utaimbia nani?"

"Nitaimbia Nyota."

"Na mutoto wako iko kwa goli ingine?"

"Hata kama iko. Niliimbia Nyota tangu mbele ya kuzaa Asumani."

Walifurahi, wakampongeza, wakaondoka. Lakini nilimwona Mama Zaina akigeuka barabarani na kuitazama nyumba yetu mara moja zaidi. Siku iliyofuata mwendesha pikipiki alileta kifurushi kutoka kwa Asumani. Ndani kulikuwa na kikwembe kipya chenye rangi za timu ya tajiri, nyekundu na njano, na mletaji alikuwa amepewa maneno ya kusema: Mama avae hiki, akae upande wetu. Mama alikinusa kile kikwembe, akakipitisha shavuni, akakikunja vizuri na kukiweka chini kabisa ya sanduku lake. Jumapili asubuhi alifunga kile cha kijani. Akachukua panga, akaenda kufyeka mahali pake pa siku zote, akapiga magoti na kung'oa visiki. Nilikuwa naye. Nilimwuliza kwa nini anasafisha hapo wakati seremala hajitupi chini kamwe. Alisema hajui Asumani ataanzia goli gani.

Sijaona watu wengi hivyo tereni kabla ya siku ile wala baada yake. Waliotoka Salamabila walikuja na msafara wa pikipiki, vumbi likawatangulia. Asumani alikuwa amenenepa mabega. Alivaa glavu, na alipoingia uwanjani aliutafuta uso wa mama, akamwona amesimama mbele ya wanawake wa Nyota katika kikwembe cha kijani. Aliinamisha kichwa kidogo, kama anavyomsalimu mtu mkubwa, akaenda golini. Mama aliimba kipindi chote cha kwanza. Aliwataja wachezaji wa Nyota mmoja mmoja. Ilipofika zamu ya wimbo wa kuwatania wageni, aliuimba pia, ila aliruka ule mstari unaomcheka kipa. Mimi niliona. Nadhani wengine waliona vilevile.

Kipindi cha pili timu ya tajiri ilifunga, na Asumani akawa amesimama kwenye goli la upande wa barabara. Muda ulikwenda. Mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika upande wa mto, na watu walikuwa wamekwisha kuingiwa na ile baridi tuliyoizoea. Ndipo mchezaji wetu mmoja akaangushwa ndani ya eneo la hatari, mwamuzi akapuliza filimbi, akaonyesha kidole. Penalti. Kelele zilizotoka zilifanya mbuzi wakimbie. Kisha watu wakatulia na kumgeukia mama, kwa sababu wimbo wa penalti ulikuwa wa kuanzishwa naye. Niliushika mkono wake. Halafu akaimba. Aliimba sawasawa, polepole, wanawake wakaitikia, makofi yakapigwa chini ya viuno. Asumani alikuwa akichezesha mikono yake kwenye mstari, hakututazama. Mpigaji alikuwa nahodha wetu, fundi wa baiskeli, ambaye hakuwahi kukosa. Alikimbia, akapiga chini kulia, mpira mzuri. Asumani alikuwa amekwisha kufika. Alijitupa palepale mama alipong'oa visiki asubuhi, akaudaka, akabaki amelala juu yake.

Hakushangilia. Wenzake walimrukia, yeye akasimama na mpira kwapani na kutazama chini. Baadaye kidogo mechi ikaisha. Mvua ilikuwa inanukia karibu, watu hawakuondoka. Kwanza nilisikia minong'ono, kisha sauti moja ya mwanamume ikasema kwa nguvu: nani alikuwa hapo golini asubuhi? Nani alikuwa amepiga magoti anachimba kwa mkono? Nilidhani mama atajibu na watu watacheka, maana wote walijua kwamba alifanya hivyo kila Jumapili. Hakuna aliyecheka. Na aliyeongea baada ya hapo alikuwa Mama Zaina.

"Umemupatia mutoto wako dawa," alisema, na sauti yake ilikuwa ya majonzi zaidi kuliko hasira. "Umetuimbisha, kumbe ulisha kuzika dawa."

"Zaina," mama alisema, akimwita kwa jina lake la utotoni.

"Hapana kuniita. Wewe ni mulozi."

Wanaume walileta majembe. Walichimba mbele ya goli mpaka pakawa shimo la kumtosha mbuzi. Hawakukuta kitu, wakasema basi amekwisha kukitoa. Wachezaji wa Nyota, wale ambao mama alikuwa na wimbo kwa kila mmoja wao, walikuwa wamekaa kwenye nyasi wakivua viatu. Hakuna aliyefungua mdomo. Nahodha alikuwa analia, na sikujua analilia penalti au nini. Mama alinishika begani tukaondoka, na watu wakatupisha njia pana, kama vile nguo zetu zina moto.

Jioni Asumani alikuja nyumbani. Wenzake walibaki barabarani juu ya pikipiki zao kwa haraka ya mvua. Hakukaa.

"Mama, twende. Kule niko na nyumba. Mwamini atasoma kule," alisema, akinionyesha mimi kwa kidevu. "Hawa watu hawakupendi."

"Uliidaka vizuri," mama alimjibu.

"Mama, wamekuita mulozi. Nimesikia."

"Na mimi nimesikia. Niko na masikio."

"Sasa unangoja nini hapa?"

Mama alisema karanga bado ziko ardhini. Alisema baba hawezi kuacha bonde lake. Asumani alimgeukia baba, na baba akasema kwamba mtu hafukuzwi kwake na mpira. Kaka yangu alitikisa kichwa, akatoka. Alikuwa na hasira na watu wa Kabambare, lakini naamini alikuwa na hasira zaidi na ule wimbo wa penalti. Miaka mingi ilipita kabla hajakanyaga tena kwenye ua ule.

Mambo yaliyofuata sikuyasahau, ingawa watu wakubwa wanafikiri watoto husahau. Kisimani wanawake walisubiri mama amalize kuchota ndipo wakasogea. Mafuta yake yalibaki mezani sokoni. Shuleni niliitwa mtoto wa mulozi, na msichana niliyeketi naye dawati moja aliomba kuhamishwa. Nilifikiri angalau Jumapili tutabaki nyumbani. Lakini Jumapili mama alifunga kikwembe cha kijani.

"Wamekuita vile mbele ya mutoto wako, na unarudi?" baba alimwuliza. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia amepandisha sauti.

"Nyota inacheza," mama alisema.

Hakwenda kwenye kundi. Alizunguka uwanja wote, akakaa upande wa pili kwenye ukuta uliobomoka wa darasa la zamani, nami nikakaa kando yake nikiwa nimeinamisha uso. Hakuimba. Alitazama mechi yote, mikono magotini, na Nyota ikafungwa. Jumapili iliyofuata tukarudi. Na nyingine. Nilimwomba tusiende. Nilimwambia kwamba wale wachezaji hawakusema neno hata moja la kumtetea, na hapo nililia, kwa sababu hilo ndilo lililoniuma kuliko matusi. Mama alinifuta uso kwa ncha ya kikwembe. "Walikuwa wamefungwa," alisema. "Mutu aliyefungwa hana maneno." Niliona jibu hilo ni la kijinga. Bado sijaamua kama lilikuwa la kijinga.

Mvua kubwa zilipokuja, kundi la wanawake lilikuwa limepungua. Mama Zaina alijaribu kuanzisha nyimbo, lakini alikuwa amezoea kuitikia maisha yake yote, na wimbo ulikatika katikati kila mara. Siku moja Nyota ilipata kona, wanawake wakaanza, wakapotea, wakanyamaza. Nilimwona Mama Zaina akitoka kwenye kundi na kuanza kuzunguka uwanja, peke yake, matope yakimfika kwenye vifundo. Alikuja mpaka kwenye ukuta wetu. Hakututazama machoni.

"Mama Asumani," alisema, "ule wimbo wa kona, unaanza namna gani?"

Mama alimwimbia mwanzo wake kwa sauti ndogo. Mama Zaina akajaribu, akakosea. Mama akaimba tena, kwa nguvu zaidi, na Mama Zaina akaitikia mahali pake pa zamani. Basi wakarudi wote wawili upande ule mwingine, na mimi nikiwafuata nyuma. Hakuna aliyesema samahani siku ile, wala siku nyingine yoyote. Wanawake walisogea wakampa mama nafasi yake mbele, kama mtu aliyekuwa amesafiri. Nyota ilifungwa.

Sasa ninaishi Kasongo, nafanya kazi ya kuzalisha katika kituo cha afya. Asumani pia yuko hapa. Salamabila ilipokuwa mahali pa bunduki, alitoka na mke wake na watoto kwa miguu, akiwa amebeba godoro kichwani. Hachezi na hatazami mpira. Mwaka jana mama alikuja kututembelea na alikaa kwangu wakati wa mavuno ya mpunga. Siku moja tulikuwa tunapepeta mchele uani, wawili tu, nikamwuliza jambo nililotaka kumwuliza tangu utoto: wakati nahodha anakimbilia mpira, je, yeye alitaka uingie kweli?

Aliendelea kupepeta. "Nilitaka uingie," alisema. "Nilikuwa naimba kwa moyo. Halafu nikaona mutoto wangu ameudaka, na furaha iliyonipata, Mwamini, ilinishinda miguu. Kama ungeniachia mukono ningeanguka." Akapuliza makapi. "Zaina alikuwa ananitazama usoni. Aliiona ile furaha. Kwa hiyo wale watu hawakukosea yote. Dawa sikuweka, lakini Nyota niliiacha, pale kidogo tu. Ndiyo maana sikuwakasirikia."

Nilimwambia kwamba hakuna mama ambaye asingefurahi, na kwamba walimfanyia ubaya mkubwa. Alisema ndiyo, walimfanyia ubaya. Akaniomba ungo mwingine.

Amekwisha kurudi Kabambare. Jumapili huenda tereni, ingawa siku hizi anapelekewa kiti, na vijana wanaoiimbia Nyota hawajui habari za penalti. Timu bado haijafika Kasongo kucheza. Mimi nilijiunga hapa na kikundi cha wanawake wa mtaa wetu, nikatoka siku waliposema uongo juu ya jirani yangu. Kabla ya hapo nilikuwa nimetoka katika kikundi kingine, kwa sababu kama hiyo. Nilikuwa na haki mara zote mbili. Nikifikiria tena nitasema vilevile. Lakini Jumapili mchana, watoto wa watu wanapopita barabarani kwenda uwanjani, mimi ninakaa mlangoni na kushona, na namfikiria mama huko aliko, amezungukwa na watu waliomwita mulozi, wakimletea maji ya kunywa. Kwangu hakuna anayebisha hodi.